Neno la Sikio, Pua na Koo

Mwalimu wa istilahi za tiba aliandika neno moja ubaoni, refu kutoka pembe hadi pembe, kisha akanielekezea chaki. "Wewe wa Kapseret. Soma."

Otorinolaringolojia. Wazazi wangu walihamia Kapseret kutoka Murang'a, na midomoni mwetu sisi wa Murang'a l na r hazijui mipaka. Nilichotamka kilikuwa "otolinoralingorojia". Darasa zima likaangua kicheko.

"Tena," akasema. Nikarudia. "Wewe utamuua mgonjwa kabla hujamaliza kutaja ugonjwa wake."

Na neno lenyewe nililijua! Nilikuwa nimelikatakata usiku uliopita: oto ni sikio, rino ni pua, laringo ni koo, na mkia wake, lojia, ni elimu. Nikamwambia maana hiyo.

"Sikukuuliza maana," akanikata kauli. "Nataka kusikia ulimi."

Tangu hapo kila kipindi alianza na mimi. Wenzangu walikuwa wakiwahi viti vya mbele ili wanicheke vizuri.

Jioni nilifanya mazoezi zizini, mama akikamua. Siku moja aliniuliza kinachonifanya niongee na ng'ombe kwa hasira. Nikamweleza yote. Akaacha kukamua.

"Huyo mwalimu anaweza kutaja jina la nyanya yako likatoka sawa?"

"Hawezi."

"Na nani humcheka?"

Kuanzia siku hiyo sikuona aibu tena mbele ya darasa. Nilikuwa na chuki tu, na chuki ilinisaidia kusimama wima.

Mtihani wa mdomo aliusimamia yeye, akaniangusha. Nikadai kurudia kwa mtahini mwingine. Mtahini huyo mpya hakutabasamu hata kidogo. Alinitaka nivunje maneno vipande na kueleza kila kipande, nikavunja, akanipitisha.

Sasa mimi ni muuguzi. Majuzi nilikutana na mwalimu yule nje ya benki, mjini Eldoret.

"Sista!" akaita, mkono mbele. "Si unaona? Mimi ndiye niliyekunoa."

"Hukuninoa, mwalimu. Ulinifanya kichekesho."

"Aa, wacha bana. Hiyo ilikuwa utani tu."

Mkono wake ulikuwa bado hewani. Sikuushika. Nilivuka barabara nikaingia duka la kwanza nililoliona, nikasimama katikati ya mabeseni na ndoo, hadi mwenye duka akauliza, "Mama, nikusaidie na nini?"