Ugbad Anayefundisha Walimu Kungoja

Kitendawili! Usiku nyumba yangu imesimama chini. Asubuhi imepanda mgongoni, ikaenda zake. Ni nini?

Umeshindwa? Basi nipe mji. Elwak sitaki, ni mbali kwa magoti yangu haya. Nipe Balambala, ndiko tunakokwenda, na jibu tutalikuta hukohuko.

Saa mbili asubuhi, upepo unapanda kutoka Mto Tana polepole, kama mtu anayeamka. Katika darasa moja la chekechea, walimu wazima wamepiga magoti juu ya mkeka. Leo wao ni ngamia. Mbele yao anasimama Ugbad Barre, mwanamke mrefu mwenye shungi la rangi ya machungwa.

"Sheko, sheko!" anaita.

"Sheko hariri!" wanaitikia. Hadithi ya hariri: ndivyo Wasomali wanavyofungua ngano zao.

"Ngamia gani huyu anaangalia simu?" Ugbad anauliza. "Hesbon, weka simu chini, kula nyasi!"

Wanacheka mpaka mkeka unakunjika.

Kazi yake ndiyo hii. Kwa miaka sita amezunguka chekechea za Balambala mpaka Ijara, akiwafundisha walimu kusimulia pamoja na watoto: wasimamishe hadithi katikati, waulize, kisha wangoje mtoto aisukume mbele. Posho yake karibu yote humezwa na nauli ya bodaboda. Barabara ikifurika, hulala alikofika.

"Mtoto akisukuma hadithi kwa mdomo yake, kesho ataitafuta kwa kitabu," anasema. "Ngumu ni kungoja. Mwalimu anauliza, halafu anajibu mwenyewe. Anakimbilia wapi, wallahi?"

Mwalimu Mirriam anainamisha kichwa, akitabasamu. Alihamishiwa hapa Januari kutoka Meru, na wiki yake ya kwanza alisimulia hadithi ya ngamia. Alipofika katikati akamgeukia Ikran, mtoto wa miaka mitano aliyekuwa ametoka tu malishoni.

"Ikran, nyumbani mna ngamia wangapi?"

Watoto wote wakatazama mkeka. Ikran akaficha uso kwa shungi lake. Tangu siku hiyo hajatamka neno darasani.

"Nilidhani hawajui kuhesabu," Mirriam alimwambia Ugbad baadaye.

"Abayo, dada yangu, mifugo ya watu haihesabiwi hadharani," Ugbad alimweleza. "Watu wanaogopa kijicho. Mfugaji anaangalia tu, anajua nani hajarudi. Uliza hivyo: nani hajarudi?"

"Kwa hiyo mimi nilikuwa naita kijicho darasani?"

"Kijicho tu? Wewe ulikuwa unaita na fisi!"

Mirriam alicheka, lakini mdomo wa Ikran haukufunguka. Sasa shule inafungwa Ijumaa, na bibi yake, Maka, ameshasema: mtoto asiyesema shuleni atarudi kwenye ngamia, na hataletwa tena. Leo amekuja kusikiliza kwa masikio yake mwenyewe, kisha aamue.

Saa nne watoto wanaingia. Maka anaketi mlangoni, fimbo magotini. Harufu ya maziwa iliyo kwenye nguo zake inajaza chumba, na watoto wanalegea kama waliorudi nyumbani.

"Sheko, sheko!" Mirriam anaanza, kwa Kisomali alichofundishwa na Ugbad. Anasimulia habari za nyumba iliyochoka kukaa mahali pamoja. Usiku ilisimama chini ikitazama nyota. Asubuhi ikapanda mgongoni, ikaenda zake kufuata mvua.

"Nyumba gani hiyo?"

Nje mbuzi analia. Mirriam anafungua mdomo ajibu, Ugbad anamwekea mkono gotini.

"Ngoja," ananong'ona.

Huyu ni mwanamke ambaye mpango wake ni kila chekechea ya Garissa iwe na mkeka wa hadithi, na bibi mmoja wa kijiji aalikwe kuukalia kila wiki. "Mabibi wako na hadithi, walimu wako na vitabu," aliniambia. "Mimi nataka wakae mkeka moja."

Upepo unaingia, unageuza ukurasa wa kitabu kilichoachwa sakafuni. Watoto wanatazamana. Mlangoni, Maka anatikisa kichwa, jibu liko kwenye ncha ya ulimi wake, na anashindwa kulizuia.

"Kwani hamjui? Ni—"

"Ayeyo, nyamaza!" Ikran amesimama, shungi limemwanguka mabegani. "Bibi usiseme, hii ni yangu! Ni nyumba yetu ya miti na mikeka. Wewe unaivunja, ngamia anaibeba, na sisi tunahama!"