Samaki wa Mwalimu na Baridi ya Lizaboni

Binti yangu ameweka tangi la samaki wa bahari sebuleni kwetu, hapa Dar es Salaam, lenye matumbawe yanayofunguka kama maua taa ikiwashwa. Kinachomsumbua zaidi ni joto. Maji yakipata moto kidogo tu matumbawe yanafifia rangi, kwa hiyo amefunga feni ndogo juu ya tangi na kipimajoto kinachomtumia ujumbe kwenye simu. Juzi feni iligoma akiwa kazini, akanipigia: "Mama, chukua chupa za maji ya baridi, ziache zielee mle ndani. Usimwage barafu." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kazi hiyo naijua tangu utoto. Akaniuliza niliijulia wapi. Sikuwahi kumsimulia.

Basi nikusimulie wewe, maana kama umewahi kukaa Songea mwezi wa saba utanielewa haraka. Unaijua ile baridi: ukungu unaokaa mpaka saa nne, manyunyu yasiyolowanisha wala kukatika, sweta la shule linalonuka moshi kwa sababu limeanikwa jikoni. Nililelewa na Bibi hukohuko Songea, mtaa wa Lizaboni. Msimu huo kazi yetu ilikuwa kupukuchua mahindi, na jiko la kuni halikuzimika tangu asubuhi. Juu yake kulikuwa na sufuria kubwa la maji ya moto, na kwenye majivu Bibi alifukia viazi vitamu vya kula na chai.

Jirani yetu alikuwa mwalimu mstaafu wa sayansi. Mke wake, tuliyemwita Mama Mwalimu, alizaliwa Ziwa Nyasa, na tangu miguu imwishie nguvu hakuweza tena kusafiri kwenda kwao. Mwalimu akamletea ziwa nyumbani. Alitengenezesha tangi la kioo, akalipangia mawe yaliyotoka ufukweni, na shemeji yake akamletea kwenye ndoo samaki wadogo wa kwenye miamba, wa bluu yenye mistari myeusi. Mama Mwalimu alikaa mbele yao siku nzima akishona vitambaa. Mara nyingine alinieleza ni jiwe lipi la kwao lilikuwa na samaki wa aina hiyo, na jinsi walivyowalisha makombo ya ugali wakati wa kuosha vyombo.

Shida ilikuwa baridi yetu. Samaki wale walizoea maji ya vuguvugu, kwa hiyo ndani ya tangi kulikuwa na hita ya umeme, na kwenye kioo kipimajoto ambacho Mwalimu alikichorea mistari miwili kwa rangi ya kucha ya mkewe. Alinifundisha kukisoma. Maji yasishuke chini ya mstari wa chini, yasipande juu ya mstari wa juu, na yakibadilika, yabadilike polepole. "Samaki hana blanketi," aliniambia. "Joto la maji ndilo joto la mwili wake. Ukiyashtua maji, umemshtua yeye."

Nilikwenda kwao kama kwa kujiiba. Bibi na Mwalimu walikuwa hawasemeshani. Mwalimu aliukata ua wa michongoma uliokuwa mpakani ili ajenge ukuta wa matofali, wakati Bibi amekwenda msibani. Ua ule Bibi aliupanda na Babu, na Babu alikuwa ameshafariki. Hawakugombana kwa sauti. Waliacha tu kusalimiana, jambo ambalo kwetu ni zito kuliko matusi. Bibi alijua ninakokwenda, akajifanya hajui.

Nikiwa darasa la tano, wakati wa likizo, Mama Mwalimu alizidiwa, akapelekwa hospitali ya Peramiho na kulazwa. Mwalimu alikwenda kukaa naye. Aliniachia ufunguo, akasema mkewe ameulizia samaki hata kabla hawajatoka nyumbani.

Asubuhi iliyofuata umeme ulikatika. Nilipofungua nyumba, pampu ya hewa ilikuwa kimya, na samaki walikuwa wamekusanyika kwenye kona moja karibu na mchanga, hawachezi. Wino wa kipimajoto ulikuwa umeshagusa mstari wa chini. Nilikimbia nyumbani nikasimama mlangoni pa jiko.

"Umeona nyoka?" Bibi akauliza.

"Samaki wa Mama Mwalimu wanakufa kwa baridi."

Aliendelea kupukuchua gunzi alilokuwa nalo mpaka likaisha. "Na mwenyewe anaendeleaje?"

"Bado amelazwa."

Alinyanyuka, akashika sufuria la maji ya moto kwa kanga, akapita mbele yangu kuelekea kwa Mwalimu, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu ukuta ule ujengwe. Alilifikisha mpaka kwenye tangi, akaliinamisha amwage.

"Bibi, usimwage. Watashtuka wafe."

Akanitazama. "Sasa tunawakanda vipi?"

Nikamweleza alivyonifundisha Mwalimu, kwamba maji ya moto yakae ndani ya chupa. Tukakusanya chupa za soda na za mafuta, tukazijaza, tukazifunga sawasawa, tukaziacha zielee. Zikipoa tunabadilisha. Bibi alilifunika tangi kwa blanketi lake mwenyewe, akaacha upenyo wa kipimajoto. Mimi nilichota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu ili hewa iingie, mpaka mikono ikafa ganzi. Mchana Bibi alihamishia gunia la mahindi pale sebuleni, akafungua dirisha, akawasha jiko la mkaa. Tulikula makande yetu tukiwatazama. Wawili walikufa. Bibi aliwatoa kwa kijiko, akawazika chini ya mgomba.

Tulikuwa bado kwenye zamu hiyo, siku ya pili yake, gari liliposimama nje. Mwalimu aliingia akimshikilia mkewe, akakuta sebule yake imejaa magunzi na Bibi yuko chini, kanyoosha miguu.

"Shikamoo, mama," Mwalimu akasema.

"Marahaba. Karibuni kwenu."

Mama Mwalimu hakumjali yeyote. Alijikokota mpaka kwenye kioo, akafunua blanketi, akaweka kiganja, akakaa hivyo muda mrefu. Mwalimu alianza kusema kuhusu ua. Bibi akamwambia mgonjwa anahitaji uji kwanza.

Mama Mwalimu alifariki mvua za mwanzo ziliponyesha, akazikwa kwao ziwani. Mwalimu aliwarudisha samaki safari hiyohiyo, kwenye ndoo zilizozungukwa na chupa tulizozijaza mimi na Bibi. Yeye naye hakurudi kuishi Lizaboni. Siku hizi pale pana duka la vifaa vya ujenzi, na majirani waliopo wanapigiana simu kabla ya kubisha hodi. Siwalaumu, nami huku ninaishi hivyohivyo.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Sikumsikia hata mara moja akisema kwamba aliwapenda wale samaki. Baridi ikizidi, alikuwa akisema tu kwamba sebule ile ilikuwa na joto zuri.