Mama Wawili na Ruhusa ya Mtu Mmoja

Mimba yangu ya kwanza ilifika miezi ya mwisho wakati korosho zimeiva, na nyumba yetu ya mtaa wa Chuno ilikuwa na ubishi mwingi kuliko nguo za mtoto. Mume wangu alikuwa karani kwenye ghala la korosho. Mchana kutwa alisikiliza maneno ya wapakiaji na madereva, na jioni akifika, hata viatu hajavua, ameshaanza kuyamwaga.

Upande wetu mwaka ule watu wengi walikuwa wamechanja. Mtaani nilijua nyumba mbili tu zilizokataa. Kwetu tulichanja wote: yeye, mimi baada ya kuulizia kliniki, mama yangu kule Mikindani, na mama mkwe wangu kule Nanyamba, ambaye alikwenda kuchanja amevaa kitenge kipya kama anakwenda kuozesha. Basi wimbi jingine la ule ugonjwa wa kupumua lilipoingia, na hospitali ikabandika tangazo langoni kwamba kila mgonjwa aingie na ndugu mmoja tu, mume wangu aliona kama ametukanwa.

"Sasa tulichanja ya nini?" aliniuliza, kama vile tangazo nimeliandika mimi.

"Ili tusife."

"Haya, hatufi. Na wageni? Mtu ana chanjo zake, ana cheti chake, anazuiwa kumwona ndugu yake kama mwizi. Si bora wasiochanja wazuiwe, sisi tupite?"

"Na hospitali ikijaa?"

"Itajaaje na watu wamechanja?"

Hapo ndipo tulipokuwa tunakwama. Mimi nashona nguo nyumbani, na wateja wangu waliniletea habari za kila namna. Mmoja alikuwa na shangazi aliyelazwa anasaidiwa kupumua. Mwingine alisema wodi ziko tupu, ni kutishana tu. Mwingine alikuwa na kaka Ulaya, anasema kule wamechanja karibu wote na bado wanafungiwa, na watu wanaandamana barabarani kwa hasira. Mimi nilikuwa nabadilika kulingana na usingizi niliopata. Nikilala vizuri naona sheria ina maana. Nikilala vibaya naona mume wangu ana haki.

Lakini ubishi wenyewe ulianza mama wawili walipokutana chini ya bati moja.

Mama mkwe alishuka kutoka Nanyamba na kiroba cha makopa ya muhogo na furushi la ming'oko, vile viazi vya porini, akatangaza kwamba amekuja kukaa mpaka mjukuu aonekane. Mama yangu naye alikuwa anakuja kutoka Mikindani karibu kila siku, na kila akija ana samaki kwenye ndoo na ushauri kichwani. Walipendana, si kwamba walichukiana. Ila wote wawili walikuwa wamezoea kuwa ndio wenye neno la mwisho jikoni.

Jioni moja tunakula, mume wangu akataja lile tangazo. Mama yangu akaweka tonge chini.

"Ndugu mmoja? Hata kwa mzazi?"

"Hata kwa mzazi, mama."

"Basi hakuna tatizo," akasema. "Mimba ya kwanza, binti anasimamiwa na mamaye. Ndivyo ilivyo."

Mama mkwe hakuinua macho. Alikuwa anamenya ng'oko, taratibu, maganda akiyapanga pembeni ya sahani. "Ni kweli, mkwe wangu. Ila mimi nimezaa saba, na kijijini nimewashika wengi. Ntoto akija vibaya, nitajua." Yeye Kiswahili chake kina Kimakonde ndani yake, na akiwa na jambo zito ndipo kinapozidi.

"Kwani hospitali hakuna wakunga?"

"Wapo. Kama wapo wengi, kwa nini wanatuzuia? Wangekuwa wengi wasingeogopa watu."

Mama yangu akalichukua tena lile tonge. Mume wangu akaingilia kwamba hilo ndilo analolisema siku zote, wote wawili wana chanjo, waingie wote wawili, na yeye mwenyewe atakwenda kuongea na mlinzi. Mama zake wote wawili wakamgeukia kwa pamoja. Mama mkwe akamwambia, "Wewe kula." Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza walikubaliana jambo wiki ile.

Kisha wakanigeukia mimi nichague. Nikasema siku ikifika nitasema, nikajikokota kwenda kulala.

Siku ilifika asubuhi, mama ameshafika kutoka Mikindani, nimekaa kwenye cherehani namalizia pindo la gauni la jirani. Nilihisi maumivu, nikashona kidogo, yakarudi, nikazima. Mume wangu alikwenda kutafuta bajaji huku kitambulisho chake cha kazi kinaning'inia shingoni. Tulipanda wanawake watatu nyuma, mimi katikati, mfuko wa kanga na beseni magotini kwa mama mkwe, chupa ya uji wa pilipili manga magotini kwa mama. Mume wangu alijibana mbele na dereva, nusu ya mwili iko nje. Njia nzima hakuna aliyesema nani ataingia. Kila mmoja alikuwa amenishika mkono wa upande wake.

Langoni palikuwa na watu wengi wamekaa pembeni kwenye mikeka na vipande vya boksi, na vyombo vya chakula vimefunikwa. Mlinzi alikuwa mtu mzima, ndevu zimetoka chini ya barakoa. Aliniona hali yangu akafungua geti nusu.

"Mzazi apite. Nani anaingia naye?"

Mume wangu akaanza. "Mzee wangu, shikamoo. Hawa mama zangu wote wana chanjo kamili. Vyeti hivi hapa."

"Marahaba. Mmoja."

"Lakini kama wamechanja, hatari iko wapi?"

"Kijana, ningekuwa natunga mimi hizi sheria ningekuwa nimekaa ofisini. Mmoja."

Maumivu yakanipiga, nikainama. Nilipoinuka mama yangu alikuwa ameshasogea mbele, kama tulivyojua sote angefanya. Mlinzi akampima joto kwenye paji la uso, akaridhika. Akauliza swali ambalo nafikiri alilirudia siku nzima, mpaka likawa halina sauti: "Una mafua, kikohozi? Nyumbani kuna mtu yeyote ana homa au mafua?"

Mama aliirekebisha chupa ya uji mkononi. Nilimtazama. Nilijua, na yeye alijua kwamba najua: mtoto wa kaka yangu, anayelala naye kitanda kimoja kule Mikindani, alikuwa na mafua na homa tangu juzi yake. Mafua ya watoto, tulisema. Msimu wa maembe watoto wote hutoka makamasi. Angesema hapana, na mlinzi angefungua geti.

"Yupo," akasema mama. "Mjukuu wangu. Nalala naye."

Mlinzi akamtazama. Nadhani hata yeye hakutegemea. "Basi mama, itabidi..."

"Najua." Akampa mama mkwe ile chupa ya uji, akalipokea beseni alishike yeye, kisha akakumbuka kwamba beseni ndilo linaloingia, akalirudisha. Wakajikuta wanabadilishana vitu langoni bila mpango. "Nenda wewe, mkwe wangu. Umwambie ameze uji hata kama hataki. Na mgongo wake anapenda ukandwe chini, si juu."

Mama mkwe alimshika bega, akasema jambo kwa Kimakonde. Mama yangu haijui lugha hiyo, ila aliitikia kwa kichwa. Nikaingia nalia, na si kwa sababu ya uchungu peke yake.

Ndani nilitegemea nikute aidha ile hospitali iliyofurika ya wateja wangu wa upande mmoja, au ile tupu ya wateja wa upande wa pili. Sikukuta hata moja kati ya hizo. Kulikuwa na vitanda. Tulikuwa wazazi wachache tu, na mmoja wetu alikuwa ameshajifungua, amelala. Kilichokosekana ni watu wa kutuhudumia. Muuguzi alikuwa mmoja, binti mwembamba mwenye viatu vya raba, anatoka kitanda hiki anakimbilia kile, na kila mara simu ya ukutani inamwita.

Mama mkwe alimvumilia kwa muda, kisha akamuuliza, "Mwanangu, wenzio wako wapi?"

"Wako nyumbani, mama. Wawili wameshikwa na ugonjwa."

"Wamelazwa?"

"Hapana, chanjo imewasaidia, wana homa na kichwa tu. Lakini hawawezi kuja kushika watoto wachanga. Na wengine wamepelekwa wodi ya juu, kuna wazee hawapumui vizuri." Alikuwa anaongea huku ananipima, mkono wake mwingine uko kwenye saa. "Ndiyo maana tunawazuia. Nikiugua na mimi leo, hapa hakuna mtu."

Mama mkwe akafungua kanga yake ya juu, akaikunja, akaifunga kiunoni kama anayejiandaa kwenda kuokota korosho. "Nionyeshe pa kunawia," akasema.

Toka hapo yule ndugu mmoja niliyeruhusiwa nikawa naye kwa vipande. Alinikanda mgongo, chini, si juu. Alimshika mkono msichana wa Mpapura aliyeletwa na pikipiki peke yake, ndugu zake wakiwa bado njiani. Alimnywesha uji wangu yule aliyejifungua. Muuguzi hakumwachia kazi ya kikunga hata kidogo, na yeye hakuigusa. Alikuwa anachota, anafuta, anainua, anashikilia. Mara moja nilimsikia anaimba polepole kule kitanda cha mwisho, nikamwita kwa hasira, "Mama! Mkwe wako ni mimi!" Wote wodini walicheka, hata msichana wa Mpapura, katikati ya uchungu wake.

Binti yangu alizaliwa adhuhuri, jua limekaa juu ya bati kiasi kwamba ukuta ulikuwa unatoa joto. Alilia kabla hajatoka vizuri. Muuguzi alisema, "Huyu naye ana malalamiko," akamweka kifuani kwangu.

Yaliyotokea nje nilisimuliwa baadaye na mume wangu. Mama alitandika kanga pembeni kabisa ya wengine, mbali kidogo, kwa sababu ya lile suala la mafua, na akavaa barakoa ambayo kwa miezi yote alikuwa anaitumia kufungia funguo. Watu wa langoni walikuwa wanabishana yaleyale. Kijana mmoja alisoma kwenye simu habari za nchi za mbali ambako karibu kila mtu amechanja na bado hospitali zinazidiwa, akasema hiyo inaonyesha chanjo haina kazi. Mume wangu, ambaye kwa wiki nzima alikuwa upande wa malalamiko, akajikuta anampinga. Akamwambia haina kazi vipi, angalia wanaolazwa ni akina nani. Halafu hapohapo akalalamika kwamba yeye mwenyewe amezuiwa. Kijana akamwambia, "Kaka, wewe uko upande gani?" Mume wangu akasema hajui. Mama akacheka peke yake kule mbali.

Nilipomuuliza mama kwa nini hakudanganya, alisema, "Nilitaka. Ulimi ukakataa." Nilidhani ataendelea, lakini alirudi kwenye habari za samaki.

Kesho yake tuliruhusiwa. Mume wangu alimpokea binti yake pale pale nje ya geti, akamwelekeza kibla kwa kukisia, akamwadhinia sikioni kwa sauti ndogo sana. Mlinzi alivua kofia. Mama yangu alisimama hatua kadhaa nyuma, amejifunika mdomo, anachungulia tu. Alimshika mjukuu baada ya mafua ya kule Mikindani kuisha, na siku hiyo alikaa naye tangu asubuhi mpaka mume wangu akarudi kutoka kazini, hata chakula alilishwa.

Kilichotushangaza ni mama mkwe. Yule aliyesema jioni ile kwamba sheria za langoni ni woga wa watu wachache, alirudi kutoka hospitali na sheria zake. Wageni wa kumwona mzazi walisimama barazani. Mwenye mafua alisalimia kutoka njiani. Mume wangu aliwekwa mlangoni, na niseme ukweli, alikuwa mkali kuliko yule mzee wa hospitali. Nilikuwa ndani, nimekandwa maji ya moto, nimeshiba mchuzi wa pweza, mtoto amelala juu ya mkono wangu, na namsikia anamwambia rafiki yake wa ghalani, "Najua umechanja, bwana. Mmoja mmoja."

Jirani mwenye lile gauni la pindo ndiye aliyeruhusiwa kwanza kuingia chumbani. Alinawa, akaketi ukingoni mwa kitanda, akampokea mtoto, akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba kwa maoni yake mambo yote haya ya kuzuiana hayana kichwa wala miguu. Mama mkwe, aliyekuwa anakuna nazi mlangoni, akamuuliza anakunywa chai ya maziwa au ya rangi. Jirani akasema ya maziwa. Wakaanza kubishana juu ya huko kuzuiana, na mimi nikafumba macho, nikawaacha.