Prudencia na Alama Aliyoifuta

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Prudencia Byabato amesimama juu ya kigoda, kitambaa kibichi mkononi, anafuta wadudu wa ziwani waliogandia kwenye kioo usiku kucha. Vioo viko kumi na vinane, na haruki hata kimoja.

"Kioo kikiwa kichafu mchezaji haoni mpira, halafu lawama zinakuja kwangu," anasema bila kugeuka.

Mama huyu wa miaka 46, mzaliwa wa Muleba, ni msafishaji wa uwanja wa padel ulio kando ya ziwa jijini Mwanza. Mchezo wenyewe ni wa raketi na wavu katikati, ila uwanja umezungukwa na vioo na, kwa sehemu nyingine, uzio wa waya. Miaka mitatu ya kufuta imemfundisha sheria kuliko wengi wanaolipa kuingia.

"Mpira ukidunda chini mara moja kisha ukagonga kioo chako, bado uko hai, urudishe. Ukidunda mara ya pili, basi tena. Unaruhusiwa hata kuupigiza kwenye kioo chako uvuke wavu. Ila ukiupigiza kwenye waya wako, pointi imekwenda. Na kwa mwenzio lazima udunde chini kwanza, kabla ya kugusa kioo."

Mwezi uliopita meneja wa uwanja, Yakobo Masalu, alimpa mechi ya kirafiki achezeshe. Akiimudu, angepewa fainali ya wanachama, na kazi ya uamuzi ingekuwa yake. Prudencia hakulala vizuri wiki nzima.

Seti ya pili, mchezaji aitwaye Maige alizidiwa ubavuni, akaupigiza mpira nyuma yake, pale kioo kinapoishia na waya unapoanzia. Mpira ukavuka wavu. Wapinzani wakapiga kelele kwamba umegusa waya.

Prudencia alisogea. Mpira huacha alama ya vumbi kwenye kioo kilichofutwa vizuri, na alama ilikuwepo, mviringo kamili, vidole viwili tu kutoka kwenye waya. Hapo hapo mkono wake, kwa mazoea, ukachomoa kitambaa mfukoni na kuifuta.

"Ushahidi wote umeishia kwenye kitambaa!" anasema, na sasa anaweza kucheka. Siku ile hakucheka. Mpinzani, Dorcas, alimwamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha akamuuliza hiyo ni haki gani. Prudencia alijua mpira ulikuwa halali. Lakini aibu ilimzidi, akaamuru pointi irudiwe, na Maige akaipoteza.

Baada ya mechi Masalu alimwita pembeni.

"Mama Byabato, uliona au hukuona?"

"Niliona, bosi."

"Sasa ukiona, sema. Mwamuzi hamwonyeshi mtu alama."

Alirudi kwenye ndoo yake akiamini fainali imempita. Siku tatu baadaye jina lake lilibandikwa ubaoni. Aliyemwombea alikuwa Maige.

"Alisema, 'Yule mama alikosea mbele ya watu na hakutafuta wa kumsingizia.' Nililia," anasema Prudencia.

Fainali ni kesho. Anatamani siku moja achezeshe hata Bukoba, ndugu zake wamwone.

Wachezaji wa kwanza wameingia. Mpira unagonga kioo alichotoka kukifuta sasa hivi, unaacha mviringo wa vumbi. Kitambaa kinanyanyuka kidogo. Kisha Prudencia anakitia kwenye ndoo na kufunga mikono nyuma.

"Halali," anasema kwa sauti, ingawa hakuna aliyemuuliza.