Nilisema kichwa cha binti yangu hakishiki kitu

Kosa ni langu, na msinitafutie mtu wa kulibeba pamoja nami. Nimechoka na watu wa hapa Kindu wanaonishika mkono na kusema, "Pole Papa, vita viliharibu mutoto yako." Vita! Nilimharibu mimi, halafu nikavisingizia vita.

Tumwite Riziki, maana jina lake silitaji. Alikuwa na miaka tisa. Treni ilikuwa haifiki tena, chumvi inatafutwa kama dawa, na sisi wanaume tulikuwa tunasukuma baiskeli zenye madumu ya mafuta ya mawese hadi Kalima. Sikuwa na mwenzangu wa kusukuma. Mama yake alinikataza kabisa kumchukua mtoto. Nilingoja aende shambani, nikamchukua.

Kwenye kupanda, mtu wa nyuma anasukuma. Kwenye kuteremka anavuta kamba iliyofungwa nyuma ya baiskeli, na kamba hiyo ndiyo breki yenyewe. Riziki alikuwa akichoka anaiachia. Basi nikamfunga nayo kiunoni. Ndiyo, nilimfunga mwanangu kwenye bidoni sita za mafuta! Msukumaji mmoja aliyekuwa nyuma yetu aliona, akasema, "Ndugu, kamba inashikiwaka na mikono. Hapana kumufunga mutoto." Nikamwambia akamfundishe mke wake.

Kwenye mteremko wa pili baiskeli ilinishinda nguvu. Niliruka pembeni. Mimi niliruka! Yeye angerukaje? Ilimburuta hadi chini na kichwa chake kikagonga jiwe. Alilala pale hajitambui, toka asubuhi hadi jua likawa juu yetu. Alipoamka alitapika mara tatu, akaniuliza tuko wapi.

Na mnajua nilikuwa nawaza nini muda wote ule? Nilikuwa nawaza mama yake atasema nini.

Miaka ile hapakukosekana watu wenye bunduki njiani. Nikasema askari wa kizuizini, basoda tunavyowaita, walimpiga na kitako cha bunduki. Nani angekwenda kuwauliza? Mke wangu alilia, majirani wakatuletea wali na samaki. Niliula ule wali, tena nikashiba.

Kwenye kituo cha afya muuguzi aliniuliza, "Alizimia? Alitapika?" Nikasema hapana, kwa sababu katika uongo wangu alipigwa mara moja akasimama. Akampa vidonge vya maumivu, akaturudisha nyumbani. Mjinga mimi! Kama ningesema kweli, labda angemlaza, labda angemtuma kwa daktari. Sijui, na sitajua.

Kidonda kilipona, kichwa hakikupona. Jua la mchana lilimfanya ajifunike kitambaa cha kikwembe usoni. Mama yake akianza kutwanga sombe, majani ya muhogo, mtoto anaziba masikio na kulia. Akitumwa kuleta maji anarudi na kuni. Siku nyingine alikuwa analala mpaka tunamwinua kwa nguvu, siku nyingine hasira inampanda bila sababu. Miezi ilipita, kisha mwaka, na bado.

Siku moja tunakula, akaweka tonge chini, akasema, "Mama, hawakukuwa basoda. Papa njo alinifungaka na kamba, baiskeli ikanivuta."

Mke wangu alinitazama. Nami nikacheka! Nikasema, "Unaona? Kichwa yake haishikake kitu tena. Anaota na macho wazi."

Hilo ndilo ungamo langu. Ajali ilikuwa ujinga, lakini lile neno nililisema kwa akili timamu, na nilipoona linafanya kazi nikalisema tena. Nilimwambia mwalimu, nilimwambia katekista, nilimwambia kila jirani: musimusikilize, kichwa haishike. Mwalimu akamweka nyuma ya darasa na kuacha kumuuliza swali. Miaka miwili baadaye shule ikamshinda. Mama yake alikufa akiwalaani askari.

Riziki mwenyewe alisema kweli mara nne, labda tano. Kila mara nilimrekebisha, tena kwa upole, najitia kinyaa! "Hapana mwanangu, unasahau. Walikuwa basoda." Kisha akaacha kusema.

Leo ni mtu mzima. Kichwa bado kinamuuma, jua bado linamsumbua, lakini kila kitu anakiandika kwenye daftari na mambo yanakwenda. Aliolewa, akazaa msichana ambaye sasa ana miaka minne. Mwezi uliopita mama mkwe wake alimchukua yule mtoto na kumrudisha Riziki kwangu. Nilikwenda kwake kupiga kelele. Mama yule alinisubiri nimalize, akasema, "Papa Riziki, siye hatukuzua kitu. Weye mwenyewe njo ulisemaka mbele ya watu wote, kichwa yake haishike. Sasa nimuachie mutoto?"

Hapo nikamwambia kweli yote, kamba na kilima. Hakushangaa hata kidogo. Alisema, "Basi umulete Riziki. Akisema yeye vile, nitamurudishia mutoto yake."

Nilikimbia nyumbani, na uzee huu! Riziki alikuwa uani anapepeta mpunga, kikwembe kichwani. Nilipiga magoti mbele ya binti yangu nikamwambia: hapakuwa na askari, nilikufunga mimi, nikaruka, nikakuacha. Ulikuwa unasema kweli tangu siku ile.

Aliweka ungo chini. Akaniangalia kwa huruma, ile huruma ambayo watu walikuwa wanamwangalia nayo yeye.

"Papa, weye pia kichwa imeanza kusahau? Walikuwa basoda."

Akaingia ndani, akaleta daftari ili anitulize. Daftari likijaa, ananakili ukurasa wa kwanza kwenye jipya, miaka yote hii. Akanionyesha: *Si Papa. Walikuwa basoda. Usisahau.*

Nimemwambia tena jana, na leo asubuhi. Anakasirika, anasema namtania. Mjukuu wangu bado yuko kule.

Wewe unayesoma, mwenye mtoto aliyeumia kichwa, anayesahau, anayelia kwa kelele kidogo: mpeleke hospitalini, na ukiulizwa ilikuwaje, sema ilivyokuwa, hata kama itakuvunjia nyumba. Na akikwambia jambo usilotaka kusikia, funga mdomo wako mchafu umsikilize. Usimwambie anaota. Nilisema kichwa cha binti yangu hakishiki kitu. Uongo wangu kimeushika mpaka leo.