Nilivyomfundisha Mama Neema Akili Mnemba

"Mashine inajuaje kwamba haijui?" aliniuliza mama mmoja.

Tulikuwa kwenye ukumbi mmoja wa Bagara, tukimsubiri mtaalamu wa akili mnemba, niliyemjua kwa jina tu, aliyeongoza kituo cha kompyuta zenye nguvu nje ya nchi. Angechagua kijana mmoja akajifunze kwake, na mimi nilikuwa na digrii na ubishi wa kutosha.

Mama huyo, mwenye kitenge na lafudhi ya Mbulu, alikuwa akitumiminia chai.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba. Mimi Mama Neema, kwetu Bonga."

Mimi ninayehoji kila kitu, jina lake halisi sikuliuliza. Nikamdhania mpishi, nikamfundisha akili mnemba mpaka chai ikapoa. Swali lake nikalikwepa: "Hayo ya kitaalamu, mama. Utaumwa kichwa bure."

Akacheka, akaweka birika chini, akapanda jukwaani. Ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi mgeni wetu.

Nafasi aliipata kijana mwenzangu, Rehema wa Maisaka. Hadi leo nikinusa chai ya tangawizi, asubuhi ile hunirudia kwa aibu na kwa hamu. Miaka baadaye Rehema aliniambia kwamba naye aliulizwa swali lilelile, akajibu, "Sijui, mama."