Mechi Iliyosogezwa Jumapili

Mtaani walimwita Mama Ratiba, jina ambalo hakulipenda hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kupanga mechi za ligi: nani acheze na nani, lini, uwanja gani. Timu ya mtu ikifungwa, alisimamishwa dukani na mkate wake mkononi. "Mama Ratiba, mbona sisi mnatusafirisha kila siku kama mizigo?" Angejibu nini? Ratiba aliyoitoa mezani kwake ilimpa kila mtu mapumziko ya haki. Ikishapita kwa katibu wa ligi, ilirudi imekatwakatwa: timu kubwa imepumzishwa, televisheni imejichagulia saa, vilabu vidogo vimeachiwa makombo.

Jambo moja tu alikuwa amelipigania mpaka likapita. Siku ya mwisho ya msimu, mechi zote zianze kwa wakati mmoja, ili asiwepo anayeingia uwanjani akijua wenzake wamepata nini.

Wiki ya mwisho ilipoanza, katibu alimwita. Hakumkaribisha kiti.

"Mama, ile mechi ya watani wa jiji tunaisogeza Jumapili. Watu wa televisheni wanaitaka iwe peke yake."

"Lakini timu zote mbili zinapigania kutoshuka daraja. Wengine wakimaliza Jumamosi, hao wataingia wanajua kabisa matokeo gani yanawafaa."

"Unawatuhumu kupanga matokeo?"

"Sijamtuhumu mtu. Nasema tusiwape nafasi."

"Mkataba umeshasainiwa. Na tafadhali, lisitoke humu mpaka tutangaze."

Timu ya tatu iliyokuwa kwenye hatari ile ile ilifundishwa na mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao. Mara mbili Mama Ratiba alishika simu ampigie, mara mbili akairudisha mkobani. Kazi ni kazi, alijiambia. Jioni kocha akapiga mwenyewe.

"Dada, nimesikia redioni."

"Walinikataza kusema."

"Hata mimi?"

"Hasa wewe."

"Haya," akasema, akakata simu.

Jumamosi timu yake ilishinda, vijana wakajitupa kwenye nyasi hoi. Sasa kulibaki njia moja tu ya kuwashusha: wale watani watoke sare, wabaki wote wawili. Akishinda mmoja wao, mwenzake ndiye atakayeshuka.

Jumapili walitazama mechi kwa mama yao. Kocha alikuja kwa sababu mama ndiye aliyemwita. Alimsalimia dada yake kama mgeni, akakaa kiti cha mbali. Kipindi cha kwanza kilikuwa na moto, kila upande ukapata bao. Baada ya mapumziko miguu ikapoa. Mabeki walipasiana, wakamrudishia kipa, kipa akawarudishia wao. Mashabiki wakaanza kuzomea.

Mama, ambaye mpira alikuwa haujui, aliacha kushona. "Mbona hawaendi kule mbele? Wamekosana na goli?"



"Wameridhika, mama," kocha alisema.

Mtangazaji akasifu utulivu wa timu zote mbili. Mama Ratiba akainuka, akazima sauti. Mpira ulipokwisha kwa sare, wachezaji wa pande zote wakakumbatiana kama watu waliotoka harusini.

"Sasa vijana nitawaambia nini?" mdogo wake aliuliza. "Jana walishinda."

"Nilimwambia katibu. Nilimwambia haya haya."

"Mimi hukuniambia."

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

"Ningepiga kelele mapema. Wasikie, wasisikie, ningepiga kelele."



Kesho yake Mama Ratiba aliingia kwa katibu bila kuitwa. Alitaka iandikwe kwenye kanuni kwamba siku ya mwisho haiguswi.

"Una ushahidi kwamba hao watu waliongea?" katibu aliuliza.

"Waongee nini? Sisi ndio tuliowapa majibu kabla ya mtihani."

Katibu aliahidi kulipeleka kwenye kikao. Kikao kikaahirishwa, kikaahirishwa tena, mpaka msimu mpya ukaingia na kanuni zile zile. Mama Ratiba alifikiria kuacha kazi. Hakuacha, aliogopa kwamba atakayekalia kiti chake hatajisumbua hata kubishana. Akapanga ratiba nyingine, akaipeleka kwa katibu, ikarudi imekatwakatwa.

Mdogo wake bado anaifundisha timu ile, huko daraja la chini. Wakikutana kwa mama yao wanazungumza habari za paa linalovuja na miguu ya mama inayovimba. Mama akiuliza timu inaendeleaje, kila mmoja anamwachia mwenzake ajibu.